Nina seti ya tisa, meza imechafuka, dogo kapandisha hadi 70,000. Wewe ungefanyaje?

Tisa Mbili (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Leo siku ya tatu silali vizuri kwa sababu ya mkono mmoja wa poka. Mke wangu ameshaniambia nikiutaja tena nikalale sebuleni, kwa hiyo nimekuja kwenu.

Ijumaa iliyopita, kasino moja hapa Dar, jina tuliache. Meza ya blaindi (dau la lazima la watu wawili, dogo na kubwa) 1,000 kwa 2,000, poka ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Nilianza na 200,000 saa tatu usiku, ilipofika saa saba kasoro nikawa na 300,000 kamili mbele yangu. Nilikuwa nimetulia, sijanywa, sijagombana na mtu.

Kitufe cha mgawaji kiko kwangu, maana yake kuanzia flopu (karata tatu za kwanza mezani) mimi ndiye wa mwisho kusema. Nafunua kona: tisa ya shupaza, tisa ya uru.

Aliyefungua ni mzee mmoja, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, tangu nimfahamu anakunywa chai ya tangawizi tu. Huyu hachezi takataka. Akitia hela ujue ana kitu. Kaweka 8,000. Katikati kuna dogo kavaa kofia kageuza nyuma, akishinda anazipanga chipsi kwa rangi kama mtoto anajenga ghorofa. Dogo kafuata. Nami nikafuata. Blaindi ndogo katupa, blaindi kubwa kafuata. Tuko wanne, poti (hela ya katikati) 33,000.

Flopu: kumi ya kopa, tisa ya kopa, saba ya pau.

Nilisikia joto masikioni. Tisa tatu, yaani seti! Halafu nikaiangalia meza vizuri, lile joto likashuka tumboni.

Blaindi kubwa kagonga meza, hajatia kitu. Mzee katia 22,000. Dogo hajamaliza hata kutafuna karanga zake, kapandisha hadi 70,000. Zamu yangu. Nina 292,000. Dogo ana zaidi yangu, mzee ana kama 250,000, na yule wa blaindi kubwa bado yumo.

Jeki na nane inanipiga sasa hivi kwa streti (karata tano mfululizo). Nane na sita inanipiga sasa hivi. Kumi mbili inanipiga na kunizika kabisa. Halafu kuna kopa mbili mezani, mwenye kopa mbili mkononi ananifukuzia kwa flashi (kopa tano).

Nitupe, nifuate 70,000 nione karata ya nne, au nitie zote? Nilichofanya nitasema baadaye, msije mkajibu kwa kuangalia matokeo.

---

Gari la Mkaa

Zote ndani. Seti haitupwi. Uzi ufungwe.

---

Mtu wa Pwani

Ahlan ndugu yangu.

Sisi tuliokulia barazani Tanga na wahedi na sitini, tulifundishwa jambo moja kabla hata ya kujua kuchanganya karata: turufu kubwa huitoi raundi ya kwanza ili watu wakuone. Unaiweka. Unawaacha wenzio wamwage wazungu wao, mzungu wa nne, mzungu wa tatu (nyinyi wa mjini mnamwita jeki), halafu unazoa.

Una tisa tatu na hakuna ajuaye. Mzee ameshatia, dogo ameshatia. Ukitia zote, kila aliye nyuma yako anatupa na anayebaki ni yule tu aliyekushika. Fuata kimya kimya. Mwaka 1988 kwenye mkono wa mwisho wa ubingwa wa dunia kule Las Vegas, Johnny Chan alikuwa na jeki na tisa, flopu ikaja malkia, kumi, nane. Ana streti kamili. Alifanya nini? Hakupandisha kitu. Akamwacha Erik Seidel aje mwenyewe, Seidel ana malkia na saba, na kwenye karata ya mwisho akatia zote. Chan akaondoka na dola 700,000 na ubingwa wa pili mfululizo.

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

---

Gari la Mkaa

Mtu wa Pwani, Chan alikuwa na mtu mmoja mbele yake, siyo watatu. Na mkono wake ulikuwa hauna wa kuupiga pale. Huyu ana tisa tatu kwenye meza ambayo hata konda wa daladala angeona streti.

---

Hesabu za Usiku

Mleta uzi, kwanza nikupongeze kwa kuweka kiasi kwenye kila hatua. Watu wengi huleta mkono hapa hata poti hawaijui.

Tuondoe woga kwanza, tuone namba. Tuseme umetia zote, mzee na blaindi kubwa wametupa, dogo kakufuata. Poti inakuwa ile 33,000 ya mwanzo, 22,000 ya mzee iliyoachwa, na 292,000 mara mbili. Jumla 639,000. Wewe umelipia 292,000. Ili usipate hasara kwa muda mrefu unatakiwa ushinde karibu asilimia 46 ya mara zote.

Sasa dogo ana nini? Akiwa na jeki na nane, kila mtu anakuambia umekufa. Hujafa. Tisa moja imebaki, kumi tatu, saba tatu: karata saba zinazokupa fulu (tatu za aina moja na jozi) au nne za aina moja. Zisipokuja kwenye karata ya nne, kwenye ya tano zinakuwa kumi, kwa sababu ile karata ya nne nayo ikijirudia inakupa fulu. Ukizipiga zote unapata asilimia 35 hivi. Ni hasara, lakini ni hasara ya mtu anayepumua.

Akiwa na kopa mbili tupu, mfano ree na tano, wewe unashinda karibu asilimia 75. Akiwa na malkia na jeki za kopa, huyo ndiye mfukuzaji mkali: kopa zinamsaidia, nane zinamsaidia, wafalme wanamsaidia. Hata huyo bado wewe uko 60. Akiwa na jozi kubwa mkononi bila kopa, wafalme au ree, unaelekea 90. Akiwa na kumi mbili umekwisha: karata moja tu duniani inakuokoa, tisa ya pau, na nafasi yake ni asilimia 4 na kidogo.

Mikono inayokupiga ni mingapi? Tuseme dogo hawezi kufuata 8,000 na jeki-nane ya maua tofauti, anafuata na ya ua moja tu. Hizo ni namna nne. Nane-sita za ua moja, namna nne. Kumi mbili, namna tatu. Jumla kumi na moja.

Unazozipiga: saba mbili namna tatu, kumi na tisa za pau namna moja, kumi na saba za ua moja namna mbili, na kopa za maana tuweke saba. Jumla kumi na tatu. Na sijamhesabu bado jeki mbili, ambaye vijana wengi wanampandisha hapo kwa hofu.

Nikichanganya vyote naona uko kwenye asilimia 53 au 54, na ulihitaji 46. Tia zote.

Kwa wanaosema fuata uone: karata ngapi za nne zitakutia kichefuchefu? Kopa yoyote isipokuwa saba ya kopa, hizo kumi. Jeki, nane na sita zisizo kopa, hizo tisa. Kumi na tisa kati ya arobaini na saba usizoziona. Mara mbili katika kila tano, unalipa 70,000 ili uoneshwe karata ambayo itakufanya ushindwe kujua uko wapi. Na ikija karata salama, yule mwenye kopa unayemwinda ndiyo kwanza anaanza kuona aibu kulipa.

---

Mtu wa Pwani

Hesabu nzuri kaka. Lakini umeihesabia karatasi, hujamhesabia mzee wa tangawizi.

---

Wakishua Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Buda, kuna njia ya nne hamjaitaja. Mbona asipandishe tu mpaka 170,000 aone dogo anasemaje? Akirudishiwa zote, anatupa. Ameokoa 122,000.

---

Hesabu za Usiku

Wakishua, hiyo ni kujidanganya. Ukishaweka 170,000, poti imevimba kiasi kwamba kutupa kwa ajili ya 122,000 zilizobaki ni kosa hata kama una uhakika ana streti. Zidisha asilimia 35 kwa poti hiyo uone. Kwa hiyo hujaokoa kitu, umetia zote kwa awamu mbili.

---

Wakishua Nairobi

Sawa, hapo umenishika. Kwani hizo chipsi ni pesa za rent?

---

Tisa Mbili (mleta uzi)

Hapana mkuu. Nina bahasha yangu ya mwezi, ikiisha naangalia mpira nyumbani. Mke ndiye anayeitunza.

---

Neema Yatosha

Baba yangu mdogo naye alikuwa na bahasha. Alikuwa anatueleza asilimia kama hizi mezani tukila, sisi watoto tunamwona mtaalamu. Nyumba ya Tabata iliuzwa mwaka mmoja baada ya bahasha kuchanika. Sina neno la zaidi, endeleeni.

---

Tisa Mbili (mleta uzi)

Pole sana dada. Sikubishii. Nimelisoma mara mbili.

---

Binti Mgawaji

Nimegawa karata miaka minne kabla ya kuolewa, kwa hiyo nimekaa upande ule wa meza ambao hauna chipsi zake lakini unaona kila mkono. Niruhusuni.

Kwanza huyo mzee. Mtu wa Pwani kamtaja halafu kampita. Mzee kafungua wa kwanza, halafu kwenye meza ya kumi-tisa-saba yenye kopa mbili, mbele ya watu watatu, katia 22,000. Wazee wa aina hiyo nimewagawia wengi. Ree na mfalme wakikosa pale wanagonga meza. Akitia, ana jozi kubwa au ana kumi mbili. Kwa hiyo wewe unayesema "nafuata kimya kimya", mzee bado hajasema neno lake la mwisho. Ukifuata 70,000 halafu yeye akatia zote, utajibu nini? Hapo utakuwa umenasa katikati ya mlango.

Pili huyo dogo. Umesema kapandisha kabla ya kumaliza kutafuna. Sijawahi kuona sheria ya mkono ikakosa kuvunjwa, ila kwa macho yangu kijana aliyepata streti flopu huwa anatulia kwanza. Anaangalia karata zake tena, kama vile zinaweza kubadilika. Anayerusha chipsi haraka mara nyingi ameshaamua kabla ya zamu yake, na anayeamua mapema ni mwenye kopa au mwenye jozi anayeogopa kopa.

Tatu, na hili nasema kwa upendo: wanaume niliowaona wakifuata na seti kwenye meza kama hiyo, karata ya nne ikija mbaya, wote wana sura moja. Shingo inaingia ndani ya kola. Nakisia mleta uzi alifuata.

---

Kibatari

Hahaha Binti Mgawaji kamsoma mtu kupitia simu.

---

Tisa Mbili (mleta uzi)

Binti Mgawaji, umeniumbua.

Ndiyo, nilifuata. Sikupiga hesabu yoyote ya kumi na moja kwa kumi na tatu. Niliogopa kutia zote na nikaogopa kutupa, basi nikachukua kilichokuwa katikati nikakiita mtego.

Mzee alikaa kama dakika mbili. Akavaa miwani, akaangalia karata zake, akamwangalia dogo, akaniangalia mimi kwa muda mrefu zaidi. Akavua miwani. Akatupa. Blaindi kubwa naye akatupa. Poti 195,000. Nimebaki na 222,000.

Karata ya nne: nane ya kopa.

Mgawaji alipoilaza pale niliona kama kaiweka kwa kunikomoa. Sasa meza ni kumi, tisa, saba, nane. Mwenye jeki yoyote ana streti. Mwenye sita yoyote ana streti. Mwenye kopa mbili ana flashi. Na shingo, kweli kabisa, iliingia kwenye kola.

Dogo akasema "zote" bila kunitazama. Nifuate 222,000 au nitupe.

Nilitupa. Akavuta poti, halafu akiwa anapanga ghorofa lake akafunua karata moja tu, akairudisha haraka: jeki ya kopa.

Nilimwomba mgawaji atuoneshe karata ya tano ingekuwa nini. Akatikisa kichwa, akazikusanya.

Swali langu halisi ni hili: nilikosea wapi, au sikukosea?

---

Binti Mgawaji

Karata ya tano nilikokuwa nafanya kazi haikuwa ruhusa kuifunua, na ni bora. Ungeiona ingekuwa tisa ya pau ungekuwa unaandika uzi huu kutoka Muhimbili.

---

Hesabu za Usiku

Tuanze na karata ya nne, maana ndiyo rahisi. Poti 195,000, dogo kaongeza 222,000, wewe unatakiwa kulipa 222,000 upate 639,000. Unahitaji karibu asilimia 35. Una karata kumi za kukuokoa kati ya arobaini na sita: tisa moja, kumi tatu, saba tatu, nane tatu. Hiyo ni asilimia 22. Kwa mtu mwenye jeki mkononi kutupa ni sahihi bila mjadala, na baada ya kuona jeki ya kopa tunajua alikuwa amekupiga, iwe kwa streti au kwa flashi. Ulitupa vizuri. Lala usingizi kwa hilo.

Sasa rudi kwenye flopu ukiwa unajua ana jeki ya kopa. Mikono ipi ina jeki ya kopa na imefuata 8,000 kabla ya flopu? Ree na jeki za kopa. Mfalme na jeki za kopa. Malkia na jeki za kopa. Jeki mbili. Jeki ya kopa na nane ya ua jingine, kama dogo ni wa kucheza hivyo. Katika hizo zote, kwenye flopu ni hiyo ya mwisho peke yake iliyokuwa mbele yako. Nyingine zote ulikuwa umezishika. Ulikuwa na nafasi ya kumlipisha 292,000 akiwa nyuma, ukamlipisha 70,000.

Kosa liko kwenye flopu.

---

Mtu wa Pwani

Subiri kwanza kaka Hesabu. Hebu tuzungumze kiswahili cha mfukoni.

Amefuata, amepoteza 78,000 pamoja na zile 8,000 za mwanzo. Angetia zote kama mnavyotaka nyinyi, dogo mwenye kopa mbili na jeki angefuata, nane ya kopa ingekuja ileile, na huyu bwana angekuwa ameondoka na asilimia ishirini na kitu za kuokoka, vinginevyo 300,000 yote imekwenda. Mtego wangu umemwokolea 222,000! Mnamlaumu kwa kurudi nyumbani na hela?

---

Hesabu za Usiku

Mtu wa Pwani, hoja nzuri, na ndiyo inayowafilisi watu wengi kuliko bahati mbaya.

Nane ya kopa haikuwa imeandikwa. Wakati anaamua kulikuwa na karata arobaini na saba zinazoweza kuja. Ukimpa mtu sifa kwa kufuata kwa sababu nane ya kopa ilikuja, basi mpe lawama kwa zile nyingine zote ambazo hazikuja na ambazo zingemletea poti ya 639,000. Huwezi kuchagua moja ukaitundika ukutani.

Gus Hansen na Daniel Negreanu waliwahi kukutana kwenye kipindi cha televisheni cha poka, Hansen ana tano mbili, Negreanu ana sita mbili, flopu tisa, sita, tano. Negreanu yuko mbele kwa mbali. Karata ya nne ikaja tano. Poti iliisha kuwa dola 575,700 ikaenda kwa Hansen. Nani atasema Negreanu alikosea kutia hela na sita tatu? Alilipa kisicholipika, basi.

---

Mtu wa Pwani

Negreanu ana dola. Sisi tuna bahasha.

---

Gari la Mkaa

Hapo Mtu wa Pwani kapiga chini ya mkanda lakini kapiga.

---

Hesabu za Usiku

Na nakubali nusu. Kama 300,000 kupotea kwa mkono mmoja kunakunyima usingizi siku tatu, tatizo siyo flopu, ni ukubwa wa meza. Kaa na 100,000. Seti kwenye meza chafu ukiwa na 100,000 ni mkono rahisi kuliko yote: dogo kapandisha 70,000, wewe unatia 92,000 zako, umemaliza, unaagiza soda. Ugumu wote wa uzi huu umetokana na kwamba nyuma ya 70,000 kulikuwa na 222,000 nyingine zinasubiri kuulizwa.

---

Kofia Nyuma

Wakuu mambo. Nimetumiwa uzi na mshikaji. Huyo dogo ni mimi. Nimecheka sana. Kwa taarifa yenu nilikuwa na jeki na nane, zote kopa, streti tangu flopu na kopa zinanifukuzia juu yake. Mleta uzi ungetia zote ungelia. Binti Mgawaji mambo yako ya kutafuna karanga peleka kwa mganga.

---

Wakishua Nairobi

Weeee! Mwenyewe amekuja!

---

Gari la Mkaa

Kofia Nyuma, soma tena bandiko la mleta uzi, taratibu. Karata ya nne ilikuwa nini?

---

Kibatari

Nane ya kopa ilikuwa mezani 😂😂😂 Pakiti ya kasino hiyo ina nane za kopa mbili?

---

Kofia Nyuma

Nimechanganya, ilikuwa nane ya pau.

---

Binti Mgawaji

Mwanangu, mtu aliyeshinda poti ya 195,000 hachanganyi karata zake. Hata akiwa na miaka themanini atakuambia na namna meza ilivyokuwa na doa la chai. Rudi kwenye uzi wa simba na yanga.

---

Tisa Mbili (mleta uzi)

Na dogo mwenyewe ana pengo la mbele, hatumii muda kwenye majukwaa, anacheza mpira Jumamosi. Siyo huyu.

Ila kuna kitu nilikiacha nikidhani hakina maana, sasa naona kina maana. Tulipotoka, mzee wa tangawizi alikuwa nje anasubiri gari. Nikamsalimia, shikamoo mzee. Marahaba. Nikamuuliza, kwa adabu, kama naweza kujua alitupa nini. Akasema: "Malkia wawili. Mmoja wa kopa." Nikamuuliza kwa nini alitupa. Akasema, "Dogo sikumwogopa. Wewe ndiye niliyekuogopa. Mtu anayefuata 70,000 pale na mikono inatetemeka hana kopa."

Kumbe nilidhani nimejificha.

---

Hesabu za Usiku

Subiri. Malkia wa kopa alikuwa kwa mzee?

Basi futa malkia na jeki za kopa kwenye orodha yangu. Mfukuzaji mkali kuliko wote hakuwepo. Anabaki ree-jeki ya kopa namna moja, mfalme-jeki ya kopa namna moja, jeki mbili yenye ile ya kopa namna tatu. Tano ulizokuwa umezipiga. Za kukupiga ni jeki ya kopa na nane ya ua jingine, namna tatu. Ree-jeki unampiga 66 hivi, jeki mbili karibu 75, jeki-nane anakuacha na 35. Ukichanganya bado uko juu ya 55.

Swali pekee linalobaki ni kama dogo anaweza kufuata 8,000 na jeki-nane isiyo ya ua moja. Akiwa hawezi, zile tatu zinafutika na ulikuwa unaogopa kivuli.

---

Tisa Mbili (mleta uzi)

Anaweza. Saa nne usiku siku hiyohiyo nilimwona anafuata 12,000 na jeki-nne, moja ya uru moja ya pau. Akashinda.

---

Hesabu za Usiku

Basi acha zibaki tatu.

---

Mtu wa Pwani

Ijumaa unakwenda?

---

Tisa Mbili (mleta uzi)

Nakwenda na 100,000. Na nimenunua glavu za pikipiki, mikono isionekane.

---

Binti Mgawaji

Watakuvua mlangoni.